Dalili ya mvua ni mawingu, nasi tuliyaona tukanyamaza

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 9 aliponiambia jambo ambalo lingaliokoa vidole viwili vya mguu wa mamangu. Nami badala ya kumsikiliza, nilimkemea.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka wa 2018, wakati wa likizo. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka mashambani, upande wa Machakos, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu. Alileta muthokoi, maharagwe na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu. Kwa kuwa nyumba yetu mtaani Umoja ina vyumba viwili tu vya kulala, Mama alilala chumba kimoja na mjukuu wake.

Asubuhi ya siku ya tatu, tukiwa mezani tunakunywa chai, mtoto akaropoka: "Mama, nyanya anakunywa maji kama ngamia! Jana usiku amemaliza jagi zima, halafu akaenda choo mara tano. Nilihesabu."

Nilimkazia macho. Nikamwambia kwamba mtoto mwenye adabu hahesabu safari za mkubwa wake za kwenda msalani. Mama alicheka, akasema ni joto la Nairobi. Mume wangu naye akasema maji ya mfereji hayakati kiu kama maji ya kisima. Mazungumzo yakaishia hapo. Mtoto akainama, akamaliza mkate wake kimya.

Msomaji, nina jambo la kukiri kabla sijaendelea. Mwaka wa 2016, mwezi wa Novemba, niliandika makala gazetini kuhusu ugonjwa wa kisukari. Kila mwaka tarehe 14 Novemba huwa ni Siku ya Kisukari Duniani, siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada aliyekuwa miongoni mwa waliogundua insulini mwaka wa 1921. Mhariri alitaka makala, nami nikayaandika. Niliorodhesha dalili zote kwa mkono wangu: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila sababu, uchovu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Niliziandika kama vile mtu anavyoandika majina ya mito ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mganga hajigangi. Mwaka mmoja na nusu baadaye dalili hizo ziliketi nami mezani, zikanywa chai yangu, nami sikuzitambua.

Si kwamba hatukuziona. Tuliziona sote, ila kila moja tulikuwa tumeipa jina. Kiu tuliiita joto. Kwenda msalani usiku tuliita uzee. Mama alipolalamika kwamba Biblia yake siku hizi imeandikwa kwa herufi ndogo, nilimwahidi miwani. Alipokuwa akisinzia mchana kutwa tulisema ni uchovu wa mtu aliyelima tangu ujana wake. Na kukonda kwake, ambako kulimlazimu kubana sketi yake kiunoni kwa pini, tulikuita mawazo, kwa maana Baba alikuwa ametutoka mwezi wa Januari 2017 na kila mtu alijua jinsi walivyopendana.

Kule kijijini majirani nao walikuwa na jina lao. Mtu akikonda kwetu bado wapo wanaonong'onezana kuhusu ule ugonjwa, hata ingawa siku hizi wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi ni wanene na wenye siha kutushinda. Mama alizisikia fununu hizo. Akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama siku za Alhamisi, na hakumwambia mtu sababu. Mimi nilizijua habari hizo miezi mingi baadaye. Aibu ilimfungia nyumbani wakati ambapo alihitaji sana mtu wa kumtazama.

Mwezi wa Agosti kandambili mpya ikamchubua kidole cha mguu wa kulia. Kilikuwa kidonda kidogo, cha ukubwa wa punje ya mahindi. Akakiosha kwa maji ya chumvi na kupaka marhamu aliyouziwa dukani. Nilipompigia simu aliniambia, "Mwanangu, hakiumi hata kidogo." Nilifurahi. Sikujua kwamba neno hilo la kutouma ndilo lililopaswa kunitia hofu. Sukari ikikaa nyingi mwilini kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu akawa anakanyaga mwiba au kaa la moto bila kujua. Wakati huo huo damu haifiki vizuri kwenye vidole, basi kidonda hakipati cha kukiponya.

Mwishoni mwa Septemba kaka yangu alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa anatapatapa kitandani, midomo imekauka, anamwita Baba aje afunge ng'ombe. Kaka alidhani ni malaria imepanda kichwani. Walimbeba kwa gari la jirani hadi hospitalini, nami nikapanda matatu ya kwanza nikitetemeka.

Nilimkuta muuguzi akimchoma Mama ncha ya kidole. Tone la damu likawekwa kwenye kijikaratasi, kijikaratasi kikachomekwa kwenye kifaa kidogo kinachotosha kiganjani. Baada ya sekunde chache zikatokea herufi mbili: HI. Kwa akili yangu iliyochoka nilidhani mashine inatusalimu. Muuguzi akanieleza kwamba maana yake ni kuwa sukari iko juu kupita uwezo wa kifaa kuhesabu. Kifaa kile kilikuwa kinaishia 33. Mtu asiye na kisukari, akipimwa asubuhi kabla ya kula, huwa chini ya 5.6. Akifikisha 7 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, huyo ana kisukari.

Daktari, kijana ambaye nadhani hakunizidi umri, aliuliza swali moja tu kwa upole: "Amekuwa akinywa maji mengi tangu lini?"

Nikasema, "Tangu Aprili."

Aliandika. Hakunilaumu, wala hakutikisa kichwa. Aliandika tu neno hilo, Aprili, kisha akageukia mguu wa Mama na kuufungua. Ama kweli, ungalinichanja wakati ule nisingetoa damu.

Mama alilazwa wiki tatu. Alitiwa maji na insulini, fahamu zikamrudia siku ya pili, akauliza kama kuku wamefungiwa. Lakini vidole viwili vilikuwa vimekwisha kufa na vikakatwa ili mguu usalie. Kiasi cha pesa tulichochanga sisi ndugu watatu na jamaa kingetosha kumpimia sukari kijiji kizima.

Nilipokuwa nikikaa kando ya kitanda chake, nilimwomba daktari yule anieleze yale ambayo niliwahi kuyaandika bila kuyaelewa. Alinieleza hivi. Chakula tunachokula hugeuzwa kuwa sukari inayosafirishwa na damu, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie kwenye seli za mwili. Insulini ikikosekana, au mwili ukikataa kuitii, sukari hubaki nje kwenye damu. Ikizidi kiwango fulani, figo huimwaga pamoja na mkojo, na sukari haiendi peke yake bali huvuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa anakojoa sana, na kwa kuwa anakojoa sana, anapata kiu. Seli nazo zinalala njaa ilhali sokoni chakula kimejaa, basi mwili unaanza kujila wenyewe mafuta na nyama. Mtu anakonda huku anakula. Hata lenzi ya jicho hubadilika umbo kwa sababu ya sukari, na herufi za Biblia zikaonekana kama zimefunikwa na ukungu.

Kumbe mambo yote tuliyoyapa majina matano yalikuwa jambo moja! Joto, uzee, miwani, uchovu na mawazo vilikuwa ugonjwa mmoja uliobisha hodi mara tano, nasi kila mara tukasema ni upepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba kosa letu halikuwa ujinga. Watu wengi wa mjini wanazijua dalili za magonjwa makubwa. Huzisikia redioni na kuzisoma ubaoni wakisubiri daktari. Kosa letu ni kwamba tuna jina la kila dalili kabla hatujapata kipimo chake. Jina hututuliza. Ukishaita kitu uzee, huna tena sababu ya kupanda matatu kwenda hospitalini.

Tazama jinsi ilivyo kwa magonjwa mengine. Mtu anakohoa wiki mbili na zaidi, anatokwa na jasho usiku na kupungua uzito, naye anasema ni vumbi la barabara. Huenda ni kifua kikuu, ambacho katika hospitali za serikali hutibiwa bila malipo, na kila siku anayokaa nyumbani anawapulizia wanawe. Mzee anaanza kukwamwa na ugali kooni, kisha anahamia kwenye uji, na familia inasema meno yamemwishia. Huenda ni saratani ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi. Mwanamke anagusa uvimbe kwenye titi akioga, na kwa kuwa hauumi anauacha. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Mwingine anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, naye anasema ni homoni. Dalili hiyo haifai kusubiri hata mwezi mmoja, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayofuata ile ya matiti kwa wingi miongoni mwa wanawake wetu. Wasichana kuanzia umri wa miaka 10 wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi vinavyoisababisha tangu mwaka wa 2019, na binti yangu alikuwa miongoni mwao.

Wazazi wenye watoto wadogo nao wasidhani kisukari ni cha wazee. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, huku anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, asichapwe wala kuaibishwa. Apelekwe kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Wapo watoto waliotapika na kupumua kwa kasi, wakatibiwa malaria, kumbe ni sukari.

Naomba nisieleweke vibaya. Simwambii mtu aishi kwa hofu, kila chunusi akaiita saratani. Vumbi hukohoza watu kweli, na uzee upo. Mara nyingi utapimwa na uambiwe huna kitu, urudi nyumbani ukicheka. Hiyo si hasara. Ninachosema ni kwamba kipimo kitangulie, jina lifuate.

Siku ya kwanza ambayo somo hilo lilinifaa ilikuwa Jumapili moja ya mwaka wa 2022. Jirani yetu, mzee mstaafu, alikuwa akinywa chai kibarazani kikombe kikamtoka mkononi. Mkewe alikuja kwangu kuazima dawa ya maumivu ya kichwa, akaniambia mzee amelalia mkono vibaya na anataka kupumzika. Nilikwenda kumsalimu. Nilimwomba atabasamu, na mdomo ukaenda upande mmoja. Nilimwomba ainue mikono yote miwili, na wa kushoto ukashuka wenyewe. Nilimuuliza leo ni siku gani, akajibu kama mtu mwenye jiwe mdomoni.

"Mama, huyu halali," nilimwambia mkewe. "Tunaondoka sasa hivi."

Hicho kilikuwa kiharusi, na kiharusi hakingoji. Ikiwa ni damu iliyoganda na kuziba mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini yapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Wala usimpe mgonjwa aspirini nyumbani kwa kukisia, maana wakati mwingine mshipa haukuziba bali umepasuka, na picha ya ubongo pekee ndiyo inayoweza kutofautisha. Mwangalie saa dalili zilipoanza, umkimbize kwenye hospitali yenye mashine hiyo ya picha. Mzee alifika chini ya saa mbili. Leo hii anaburuta mguu kidogo, lakini anatembea hadi dukani kununua gazeti, na kila anionapo huinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, tukacheka.

Yapo pia magonjwa yasiyobisha hodi kabisa. Mwaka wa 2021, nikiwa nimempeleka Mama kliniki, muuguzi alikuwa na nafasi akanipima shinikizo la damu kwa mzaha. Akapima tena. Ilikuwa 158 kwa 102, nami sikuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, wala dalili yoyote ile. Nilikuwa katika miaka yangu ya thelathini, napanda ngazi za ofisini bila kuhema. Kiwango cha 140 kwa 90 kikirudiarudia huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Nilipimwa siku nyingine mbili, matokeo yakawa yale yale, na tangu hapo nameza kidonge kila asubuhi. Shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kwa wengi dalili yake ya kwanza huwa ni kiharusi chenyewe. Hapo hakuna cha kusubiri, ni kupimwa tu. Aliyefikisha umri wa miaka 40, au mwenye mzazi ama ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari au shinikizo la damu, apimwe walau mara moja kwa mwaka hata akijihisi kuwa na nguvu za simba.

Katika nyumba yetu sasa tuna maswali matatu ambayo yeyote anaweza kuuliza, awe mkubwa au mdogo. Jambo hili lilikuwepo mwaka jana? Limedumu wiki mbili? Na jina tulilolipa, nani alilipima? Jibu la swali la mwisho likiwa ni "hakuna", twende zahanati. Dalili za ghafla kama za kiharusi, maumivu makali kifuani au mtu kupotewa na fahamu hazina maswali matatu. Hizo ni kukimbia.

Mama anaishi. Amejifunza kukagua nyayo zake kila jioni kwa kioo kidogo, amebadilisha kandambili kwa viatu vya kufunika, na chai yake anainywa bila sukari huku akilalamika kwamba inafanana na maji ya kuoshea sufuria. Amerudi kwenye chama chake cha Alhamisi. Wale wale waliomnong'ona sasa humwomba awapime, kwa maana tulimnunulia kifaa chake mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea nikafungua Biblia yake ili tusome pamoja. Ndani yake, imekunjwa mara nne na kuwa ya manjano, nilikuta ile makala yangu ya Novemba 2016. Alikuwa ameikata kwa makasi na kuihifadhi. Nilimuuliza kama aliwahi kuisoma.

"Niliisoma mara nyingi, mwanangu," alinijibu. "Lakini niliiweka kwa sababu ya jina lako hapo juu. Sikujua kwamba yaliyo hapo chini ni yangu."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi niliyeyaandika sikujua kwamba ni yake, sembuse yeye?

Niliporudi Nairobi nilimwita binti yangu, ambaye sasa yuko shule ya upili na amenipita kimo. Nilimwambia kwamba siku ile ya mwaka wa 2018 yeye alisema kweli nami nilikosea, na kwamba naomba radhi. Alinitazama kwa mshangao akasema, "Mama, mimi hata nimesahau." Labda amesahau kweli, labda alinihurumia.

Basi msomaji, leo ni Jumapili na pengine mko wote nyumbani. Mtazame mzazi wako anavyokunywa maji. Sikiliza nani anakohoa na tangu lini. Na mtoto akiropoka mezani kwamba amehesabu jambo fulani, kabla hujamfunza adabu, muulize kwanza: "Umehesabu mara ngapi?"